Mti Namba 62

17 Mei

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa alasiri, na nyuma ya mvua akaja Lindqvist. Lindqvist ni mtu wa wilaya, idara ya maji. Ana viatu vya kijivu visivyojua tope, na kila akija huvitazama hivyo kwanza, ndipo anitazame mimi. Alileta madumu kumi na mawili ya maji ya kunywa, akayapanga kibarazani kwa upole kama apangaye maua kaburini, kisha akanipa barua.

Barua ina kurasa sita na maana moja. Kisima changu kina sumu, hilo wanakubali. Imetoka wapi, hawajui. Kiwanja cha kampuni ya Tolliver, ng'ambo ya uzio wangu, ambako miaka ya sitini walijaribu mota za roketi mpaka vyombo vikaanguka makabatini mwa watu, hakina kitu chini ya ardhi. Tolliver wenyewe wameandika hivyo, na neno la mshukiwa, kama tujuavyo, ni msahafu. Tarehe 11 Oktoba baraza la wilaya litakaa. Pasipo ushahidi, kiwanja kitatangazwa safi, madumu yatakoma, kisima changu kitajazwa zege, na mimi nitahama nyumba niliyokaa tangu nilipoolewa.

"Huenda ni dawa za miti yako, Mama," Lindqvist alisema, akitazama maparachichi.

"Miti hii haijapuliziwa dawa tangu mume wangu afe. Na alipokuwa hai alikuwa mvivu wa kupulizia."

"Nasema huenda."

"Huenda pia ni machozi yangu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Natumaini si hilo.

18 Mei

Mvua.

19 Mei

Mvua. Chura kaingia kwenye kiatu changu. Mgeni mwenye adabu kuliko wa juzi.

26 Mei

Nimezunguka miti. Mingi imebeba. Dewey, marehemu mume wangu, aliipanda mwaka tuliooana, arobaini kwa idadi, akaifunga vibati vya alumini vyenye namba zilizogongwa kiwandani, ambavyo alikuja navyo kutoka Tolliver walipofunga. Mti wa kwanza, ule wa mlango wa jikoni, ni namba 62. Wa mwisho ni 101. Nilimuuliza kwa miaka mingi kwa nini mti wetu wa kwanza usiwe namba moja kama miti ya watu wenye akili. Alinijibu neno lilelile: "Ndipo nilipoanzia." Nikadhani ni uvivu. Mtu aliyeweza kusinzia huku anaendesha trekta, namba moja ingemsumbua nini?

Langoni kwa Tolliver hukaa Hollis Pruitt, aliyefanya kazi pamoja na Dewey huko ndani. Ana miaka sabini na minne. Wamemwajiri akae kwenye gari lake bovu pamoja na mbwa wake Biskuti, alinde kitu ambacho kwa maandishi hakipo. Nilimpelekea njugu za kuchemsha, si kwa mapenzi.

"Hollis, chini ya kile kiwanja kuna nini?"

"Vyura, shemeji."

"Na chini ya vyura?"

"Vyura wengine." Akampa mbwa njugu. Hakunitazama. Mwanamume akishindwa kukutazama humtazama mbwa wake. Wasiofuga hutazama upeo wa macho.

2 Juni

Wamekuja wapenda magofu. Kila mwaka huja wachache, lakini hawa wametoka Ohio na wana gari lenye picha ya fuvu la kichwa. Mkubwa wao anaitwa Corbin. Ana ndevu zilizokatwa kwa rula, na barakoa ya kujikinga na sumu ambayo huivaa shingoni, kwa hiyo shingo yake iko salama. Mwenzake ni binti anayeitwa Jessa, mbeba mizigo, mshika taa, mpishi, na mtu wa kulaumiwa. Corbin anapiga filamu za kuwaonyesha watu mtandaoni. Mbele ya kamera hunong'ona. Mchana kweupe, pasipo mtu wa kuamshwa, ananong'ona.

"Bibi," aliniambia juu ya uzio, "sisi tuna kanuni. Tunachukua picha tu, tunaacha nyayo tu."

Walipoondoka nilikuta makopo manne ya bia na soksi. Labda ndizo nyayo.

3 Juni

Joto. Mbu. Lebo ya dawa ya mbu imeandikwa "kinga ya saa nane". Mbu hawajui kusoma.

11 Juni

Corbin amekuja kuomba apitie kwangu, kwa sababu langoni Hollis akiamka hupiga honi. Nimemruhusu. Nina sababu yangu: wilaya haitachimba, Tolliver hawatachimba, mimi nikichimba nitafungwa kwa kuingia kiwanja cha watu. Ikiwa kuna wajinga waliotoka Ohio kwa gharama zao kuchungulia chini, mimi ni nani nizuie neema?

Nikaenda nao mpaka kwenye tangi la kuzimia moto. Ni tangi la chuma lililozikwa ardhini mpaka shingoni, upana wa sebule mbili, kina cha mita tisa. Mota ya roketi ilipowashwa, maji yalitoka humo kupoza moto. Juu ya mdomo wake imepita boriti nene ya chuma, iliyoshikiliwa na zege huku na huku. Sasa tangi limejaa maji meusi mpaka ukingoni.

Corbin alipiga magoti kama aliye kanisani. "Chini kabisa," alinong'onea kamera, "inasemekana kuna mlango. Na nyuma ya mlango, mota ya mwisho ya Tolliver, haijawahi kuwashwa."

"Nani kasema?" nikauliza.

"Watu."

"Watu gani?"

Jessa akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Nikamweka binti huyo pembeni akilini mwangu, kama yai ambalo huenda ni zima.

12 Juni

Filamu imetoka. Jessa kanionyesha kwenye simu. Mimi nimo: mgongo wangu, na maandishi chini yake, "Mlinzi wa ajabu wa siri". Nilikuwa nimeinama kuvuta soksi.

30 Juni

Mvua kila siku saa tisa, kama mfanyakazi wa serikali, ila huyu anafika.

9 Julai

Nimevuna mti 62 mpaka 70. Maparachichi makubwa kama vichwa vya watoto. Hakuna anayenunua. Habari za kisima zimeenea sokoni, na Marva wa kibanda cha matunda, niliyemsafishia bwawa lake bure alipofiwa, amenishika mkono kwa huruma na kuniambia wateja ni waoga. Sikumjibu. Ukimjibu Marva unampa kazi ya kulia.

28 Julai

Lindqvist kaleta madumu kumi. Nimemuuliza mawili yako wapi. Amesema bajeti.

15 Agosti

Leo Corbin amekuja na tangazo, tena bila kunong'ona. Watavuta maji yote ya tangi. Amekodi pampu mbili kubwa, zitamwaga mferejini. Mwezi ujao.

Nikamwambia, "Subiri Machi."

"Machi kuna nini?"

"Kiangazi." Nikamketisha kibarazani, nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Nimesafisha mabwawa ya kuogelea ya watu miaka thelathini na moja. Shule niliiacha darasa la nane. Mengine nimejisomea kwenye vitabu vilivyotupwa na maktaba na lebo za klorini. Lakini jambo hili huku kwetu hata mtoto analijua: msimu wa mvua humwagi bwawa likawa tupu. Ardhi yetu ni jiwe lenye matundu kama sifongo, na maji yako mkono mmoja tu chini ya nyasi. Bwawa likiwa na maji, hukaa. Ukilitoa maji, ni mashua. Mwaka 1988 Bwana Abernathy alilikausha lake mwezi wa tisa ili alipake rangi, akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi, bwawa zima la zege lilikuwa limetoa pua nje ya majani, na ngazi zake, na taa zake.  Mkewe aliingia ndani akafunga virago.

Jessa aliacha kuandika. "Kwa hiyo tangi litaelea?"

"Liko tupu? Maji yako juu? Litaelea."

Corbin alitabasamu kwa namna ambayo watu wa mbali hutabasamia hekima ya kienyeji. "Bibi, hii si bafu ya mtu. Hiki ni chuma cha roketi. Kimefungwa bolti."

"Bolti zina miaka hamsini ndani ya maji."

"Tukingoja Machi, wapenda magofu wa Michigan watatutangulia."

Hayo ndiyo yanayowaua watu: si ujasiri, ni Michigan.

16 Agosti

Nilikuwa naosha vyombo kwa maji ya dumu, ndipo nikafikiri. Tangi likipanda, halipandi peke yake. Litararua ardhi pande zote na kuinua chochote kilichozikwa ubavuni mwake. Bila jembe, bila kibali, bila mimi kuingia popote.

Nimesema mara moja. Silazimiki kusema mara ya pili.

17 Agosti

Silazimiki.

30 Agosti

Kimbunga kilitajwa redioni, kikaenda kwingine. Mvua yake kikaiacha kwetu.

8 Septemba

Pampu zimefika. Hollis ameziona akiwa langoni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Dewey amekuja kwangu kwa miguu, Biskuti nyuma yake. Kofia mkononi.

"Shemeji, wale watoto waambie waache."

"Wewe ndiye mlinzi. Piga honi."

"Nimepiga. Yule mwenye ndevu amenipiga picha." Akakaa bila kukaribishwa. "Wakikausha lile tangi msimu huu, litatoka."

"Litoke. Kuna nini ila vyura?"

Akanyamaza. Hollis Pruitt hajui kunyamaza. Ni mtu wa kuzungumza hata na kituo cha mafuta. Akaizungusha kofia magotini.

"Shemeji, usiniulize."

"Nimekuuliza miaka minne. Leo nyamaza tu, inatosha."

Akaenda zake. Kwa hiyo kuna kitu, na Hollis anakijua, na amekuwa akinitazama nikinywa, nikipika na kuoga maji yale, akinisalimia shemeji. Nimewahi kumdharau kwa uvivu na kwa tumbaku. Kumbe nilikuwa nadharau rejareja.

Sikwenda kuwaambia waache.

12 Septemba

Pampu zinanguruma tangu jana. Mvua siku mbili mfululizo. Maji ya mfereji yamefika ukingoni, ya tangi yanashuka.

13 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevimba. Nitaandika yote, pamoja na yanayonihusu.

Mchana mvua ilianuka. Nilichukua kiti changu na mwavuli nikakaa kwenye uzio, hatua sitini kutoka kwenye tangi, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Saa nane maji yalibaki kama mita moja chini. Hapakuwa na mlango wowote, ila tope na bomba. Corbin akasema huenda mlango uko chini ya tope. Akasema pia kwamba yeye lazima apige filamu kutoka juu, kwa ajili ya mwanga. Kwa hiyo alimteremsha Jessa.

Nilimwona akipita chini ya boriti, akashika ngazi iliyounganishwa na ukuta wa tangi, kofia yake ya njano ikazama. Nikasema moyoni, haya, sasa atapanda. Hakupanda.

Ndipo niliposikia bolti ya kwanza. Ilikuwa sauti ndogo, kama jitu linakata ukucha. Kisha ya pili. Corbin hakusikia, alikuwa ananong'ona.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwamba niliruka. Sikuruka. Nilikaa. Nilikaa pumzi tatu nzima, nikiwa na mwavuli, nikihesabu bolti, kwa kuwa kila bolti ilikuwa inanirudishia kisima changu. Tatu. Nne. Ya tano ndipo nikasimama nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Mtoe! Mtoe huyo mtoto! Linapanda!"

Corbin alinigeuzia kamera.

Aliyekimbia ni Hollis. Sijui alikuwa amejificha wapi. Nadhani alikuwa analinda kweli kwa mara ya kwanza. Alinipita nikiwa bado nahangaika na uzio, mzee wa miaka sabini na minne, kofia imeanguka, Biskuti anabweka. Akalala kifudifudi kwenye zege akaingiza mikono chini ya boriti.

"Panda, mwanangu! Usitazame chini! Panda!"

Tangi likapanda. Halikuwa na haraka. Liliinuka likiwa limeinama upande, kama ng'ombe anayesimama, na sauti yake niliisikia kwa meno. Boriti haikusogea, kwa maana ilishikwa na zege. Ukingo wa tangi ulikuwa unaifuata kutoka chini. Nafasi kati yao ilikuwa kama mlango. Ikawa kama dirisha. Kofia ya njano ikatokea, Hollis akamshika Jessa mkono, mimi nikafika nikamshika Hollis mkanda wa suruali, tukavuta. Nafasi ikawa kama kisanduku cha barua. Alitoka bila kiatu kimoja, na bega limevunjika, nilisikia likivunjika. Mimi nilibanwa mkono na boriti kidogo, si neno.

Kisha kukatulia. Tangi lilikuwa limesimama juu ya ardhi kimo cha mtu, jekundu kwa kutu, linachuruzika. Ardhi pembeni yake ilikuwa imepasuka kama mkate.

Corbin akasema, "Nimepata yote." Jessa, akiwa amelala chini, alimwambia neno ambalo sitaliandika kwa kuwa nalitunza nilitumie.

Ndani ya ufa kulikuwa na mapipa. Nilihesabu matatu, yamelala ubavu kwa ubavu kama mayai ya mamba, na harufu tamu ya rangi ya kucha ikapanda. Nikasema kwa sauti, "Haya, Tolliver." Nilifurahi. Naandika ukweli: mtoto wa watu analia bega na mimi nilikuwa nimefurahi.

Nikainama. Kwenye shingo ya kila pipa kulikuwa na waya wa shaba, na kwenye waya kibati cha alumini. 17. 44. 45. Namba zilizogongwa kiwandani. Duara dogo pembeni, tundu juu, waya umezungushwa mara mbili na kukunjwa kuelekea kushoto, kwa sababu aliyeufunga alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Nimetazama mkunjo ule miaka arobaini na minne kwenye miti yangu.

Gari la wagonjwa lilipoondoka tulibaki wawili na mbwa.

"Dewey," nikasema.

"Kreni alikuwa anaendesha yeye," Hollis akasema. "Mimi nilishika kamba. Tuliambiwa tuyazike pembeni mwa tangi na tusiandike popote. Dewey akasema pipa lisilo na namba ni pipa lililopotea. Akachukua vibati stoo."

"Na akaja akajenga hapa."

"Viwanja walituuzia rahisi. Alisema maji yanaelekea kusini, hayatamfikia mtu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Maji ya huku hayaelekei kusini wala kaskazini. Huelekea yanakovutwa. Na mwenye kuyavuta, kila asubuhi, kwa pampu yangu ya kisima, kwa ajili ya kahawa ya Dewey, nilikuwa mimi.

"Alitaka kukwambia, shemeji."

"Aliiambia miti."

14 Septemba

Mvua. Nimekaa chini ya mti 62. 

20 Septemba

Nimekwenda hospitali. Jessa amefungwa bega, ana kiatu kimoja chini ya kitanda. Corbin ameshapandisha filamu na kurudi Ohio. Watu milioni moja wamemtazama akinong'ona.

Nikamwambia binti: "Nilijua litapanda."

"Ulituambia, Bibi. Mwezi wa nane."

"Nilisema mara moja. Jambo la namna ile husemwa mpaka mtu akuchukie. Na siku yenyewe nilisikia bolti nne nikiwa nimekaa."

Alinitazama usoni. Sikutazama upeo wa macho.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka kuona kilicho chini."

Hakunisamehe, na nisingemheshimu kama angenisamehe siku hiyohiyo. Alisema tu, "Niletee parachichi." Kisha akakumbuka. "Au usilete."

28 Septemba

Lindqvist amekuja na mwanasheria wa Tolliver, mwanamke mwenye sauti kama ya mtangaza safari za ndege. Wametazama ufa kwa mbali. Msimamo wao mpya ni huu: mapipa ni matatu, yalitupwa na wezi baada ya kiwanda kufungwa. Yataondolewa matatu hayo, shimo litafukiwa, kiwanja kitatangazwa safi kama ilivyopangwa.

"Hamchimbi zaidi?"

"Hakuna sababu ya kudhani yako zaidi, Mama," Lindqvist alisema. Lakini hakutazama viatu vyake. Alitazama ufa, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu asiyependa anachokisema. Haitoshi, ila nimeandika.

"Namba kwenye vibati ni 17, 44 na 45. Wezi wenu walijua kuhesabu kwa kuruka?"

"Vibati vya namna hiyo vilizagaa," mwanasheria alisema. "Huenda hata wewe unavyo."

Mwanamke yule hajui alichosema.

10 Oktoba

Nimekaa na jambo hili wiki mbili. Nikisema, kisima kitapona siku moja na jina la Dewey halitapona. Kanisani wameweka kibao chenye jina lake kwenye benchi la tatu, kwa sababu alitengeneza paa. Nikinyamaza, nitahama na jina safi.

Nimepanda kwenye kiti nikafungua waya wa mti 62. Ulikuwa umezama ndani ya gome. Ilinibidi nitumie kisu.

11 Oktoba

Ukumbi wa wilaya una baridi ya kuhifadhia nyama. Hollis alikuwa amekaa nyuma kabisa, amenyoa, amejikata mara mbili. Mwanasheria alizungumza dakika arobaini kuhusu mapipa matatu. Ilipofika zamu yangu niliweka kibati mezani.

"Ni nini hicho, Mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mti wangu wa kwanza."

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize, ninao muda, sina maji tu.

"Yaliyozikwa pale ni sitini na moja," nikasema.

"Unajuaje?"

"Aliyeyafunga namba ndiye aliyefunga miti yangu. Alianza kule na moja. Vilivyobaki akaja navyo nyumbani, na mti wangu wa kwanza ni namba sitini na mbili."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akauliza ni nani huyo. Nikasema: Dewey Tillis, mume wangu, kwa kreni ya Tolliver, kwa amri ya Tolliver.

Mwanasheria akasimama haraka. "Kwa hiyo ni mumeo aliyetia sumu kisima chako?"

"Ndiyo. Na alikunywa maji yake miaka arobaini, mpaka ini likamwisha. Nyinyi mlikunywa lini?"

Akasema huo ni uvumi wa mjane na bati. Ndipo kiti cha nyuma kikalia. Hollis alikuwa amesimama, kofia mbele ya tumbo kama sahani ya sadaka.

"Mimi nilishika kamba," akasema. Kisha akakaa.

12 Oktoba

Hollis amefukuzwa kazi ya kulinda vyura. Nimempelekea njugu. Mapenzi bado hayamo.

24 Oktoba

Mvua zimekatika. Wilaya imechimba siku nane, wakiwa wamevaa mavazi meupe na barakoa, na wamezivaa usoni. Lindqvist husimama pale tangu asubuhi; amenunua buti. Jessa ametuma ujumbe kutoka Ohio, neno moja kila jioni: "Ngapi?" Namjibu kwa tarakimu. Juzi 49. Jana 57.

Leo saa tano walitoa la sitini, wakafika kwenye jiwe, wakazima mtambo. Lindqvist akaja kwenye uzio wangu akifuta jasho.

"Sitini, Mama. Ni mwisho wa handaki. Si vibaya, umekosea moja tu."

"Chimbeni."

"Tumefika kwenye jiwe."

"Upande wa huku hamjafika." Nikamwonyesha kwa kidole kutoka mwisho wa handaki kuja uzio wangu, kuja kisima changu.

Alitazama makaratasi. Akanitazama mimi. Akawapungia mkono wawashe.

Walilipata saa nane kasoro, chini ya nguzo ya uzio wenyewe, hatua thelathini kutoka kisimani, limeoza nusu. Kibati kilikuwa safi. Lindqvist alikiosha kwa maji ya dumu, akakileta mwenyewe, akakiinua juu ya uzio nikisome bila kukigusa. 61. Waya umekunjwa kushoto.

Kesho naanza kufungasha vyombo, watu wa zege watakapokuja kufunga kisima kwa muda, na sijui muda huo ni miaka mingapi. Hilo nililijua nilipofungua kinywa. Dewey Tillis alinidanganya kila asubuhi akiwa na kikombe mkononi. Lakini kuhesabu, alihesabu sawasawa.